Wiki ya dhoruba Utah: naifuata theluji na bodi yangu

Jumatano usiku, Salt Lake City

Likizo hii niliiomba tangu mwezi wa kumi na moja bila kutaja tarehe, nilimwambia bosi wa ghalani ikija dhoruba kubwa mwezi wa pili mi sipo, akacheka akajua utani. Leo jioni nimemtumia meseji. Utabiri umetulia, upepo unageuka usiku unatoka kaskazini magharibi, baridi inashuka, milimani wanasema inchi 20 mpaka 30 hadi Ijumaa, yaani sentimita 50 mpaka 75 hivi, sasa hapo mtu wa snoubodi, ule ubao mmoja wa kutelezea theluji umesimama ubavu, atakaaje kazini anapanga maboksi jamani.

Huo upepo wa kaskazini magharibi ndo unaosubiriwa na kila mtu huku. Unyevu mwingi unatoka mbali, Bahari ya Pasifiki, lakini ukipita juu ya Great Salt Lake unaongezewa kidogo, maana lile ziwa lina chumvi nyingi hata halifungi barafu kipupwe kizima, afu mbele tu kuna milima ya Wasatch imesimama ghafla pembeni ya mji, upepo hauna pa kwenda unapanda, ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga. Na inayomwagwa ni kavu, maji ndani yake kama asilimia 8 tu kwa wastani, ukiichota kwenye glavu ukapuliza inaondoka yote. Msimu wa 2022/23 pale risoti ya Alta zilianguka inchi 903, karibu mita 23, nyumba ya ghorofa saba hiyo! Na msimu huohuo ulianza ziwa likiwa limeshuka kuliko wakati wowote tangu waanze kulipima, hilo linawanyima watu usingizi huku na mi pia linaninyima.

Nimepaka bodi waksi ili iteleze vizuri. Natumia pasi ya nguo ya zamani, ile nzito isiyo na mvuke, waksi ya baridi kali, unaiyeyusha inadondoka matone chini ya bodi, unaisambaza, unaacha ipoe afu unakwangua mpaka mikono inauma. Afu nimesogeza baindingi, vile vishikio vya buti, nyuma tundu moja ili pua ya bodi ielee juu kwenye theluji nyingi, ukiacha katikati utashinda unakanyaga mguu wa nyuma siku nzima na paja linawaka moto. Bodi yangu ni ya sentimita 158, niliinunua D.I., duka la mitumba la huku, ilikuwa na mkwaruzo mrefu nikaujaza plastiki mwenyewe. Mke wangu anasema naitunza kuliko gari, si kweli, gari halijawahi kunipa raha kiasi hicho.

Alhamisi, Brighton

Saa kumi na moja alfajiri simu inaita, ujumbe wa idara ya barabara, korongo la Little Cottonwood limefungwa wanalipua mlima. Wageni hushtuka wakisikia hivyo ila huku ni kawaida, ile barabara namba 210 inapita chini ya njia zaidi ya 60 za maporomoko ya theluji, kwa hiyo dhoruba ikipiga inafungwa halafu wanaiangusha theluji wenyewe kabla haijaangukia watu. Kwa miaka mingi walitumia mizinga kabisa, ya jeshi, siku hizi wamehamia kwenye mitambo ya kulipua iliyosimikwa hukohuko juu. Na kama hali inakukuta uko hotelini kule juu wanaweza kupiga marufuku hata kutoka mlangoni, ukitoka umevunja sheria.

Basi mi nikageukia korongo la jirani, Big Cottonwood, nikapanda basi la UTA, shirika la usafiri la huku, na bodi yangu katikati ya miguu. Napenda hili basi. Wanafunzi, wapishi wa hotelini wanaenda shifti, mzee mmoja ana ski, zile mbao mbili za kutelezea, ndefu za zamani kweli, wote tumebanana kama kwenye daladala ya Mbagala ila hapa hakuna anayepiga kelele.

Brighton ni risoti ya zamani, ilianza 1936, na pale mashukio ya basi ni kama mita 2,670 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Moshi tunapima kwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hiyo ni karibu sawa na pale Mandara, kituo cha kwanza cha kulala njia ya Marangu. Mjomba wangu alikuwa mgumu, ndo wanavyojiita wapagazi wa kule, kabeba mizigo ya wageni miaka na miaka, theluji ya juu kaikanyaga na viatu vya kuazima, mi nimekua naiangalia ile theluji kila asubuhi kabla mawingu hayajafunika na sikuwahi kuigusa. Nimekuja kuigusa Marekani kwenye maegesho ya supamaketi. Mjomba nikimtumia video ananiuliza swali moja tu, unashukaje wakati hata kupanda hujapanda.

Pale nilikutana na dada mmoja wa Mombasa, nesi, anavaa hijabu chini ya helmeti na ana kasi ya kutisha. Tunateleza pamoja siku za theluji nyingi maana kwenye miti huendi peke yako, mtu anaweza kuzama kichwa chini kwenye shimo linalojificha chini ya matawi na asiweze kujitoa, hiyo inaua hata ndani ya eneo la risoti kabisa, kwa hiyo unakuwa na mwenzio na mnaitana kila dakika. Yeye haiti, anafoka. "Haya kaka, mbona wajivuta, theluji yaisha hii!"

Tukapanda lifti ya viti ya Great Western mpaka juu, mita 3,200 hivi, upepo unachoma mashavu, tukaingia kwenye miti upande wa kulia. Sasa sijui nielezeje. Kwenye theluji ngumu unageuza bodi kwa makali, unaegemea vidoleni au kisiginoni, makali yanakata na unasikia mkwaruzo hadi magotini. Kwenye theluji ya unga makali hayana kazi, bodi nzima inakuwa ndo usukani, unaibonyeza chini inazama kidogo inarudi juu yenyewe, unaibonyeza tena, na mdundo huo ukikukubali unaacha kufikiria miguu kabisa, unaangalia nafasi kati ya miti tu kwa sababu ukiuangalia mti utaufuata huo mti, hiyo ni kweli sio msemo. Theluji ilikuwa inanifika kiunoni kwenye kona, inaruka inaingia mdomoni, nikawa nacheka na kukohoa. Tumerudia njia hiyohiyo mpaka ikachanwachanwa yote.

Adhabu ya bodi ni sehemu tambarare. Ukipoteza mwendo umekwisha, wale wa ski wana fimbo zao wanajisukuma wanakupita wanakupa pole, wewe unafungua mguu mmoja unasukuma kama mtoto na skuta, ukikanyaga nje ya njia unazama mpaka pajani. Dada nesi alizama, nikamtoa, akanilaumu mimi.

Ijumaa, Snowbird

Little Cottonwood limefunguliwa asubuhi, foleni ya magari kutoka mdomo wa korongo ilikuwa haitembei, mi niliondoka nyumbani giza nikafika watu washaanza kunywa kahawa ya pili.

Snowbird ni mlima mwingine kabisa. Una kibanda kikubwa cha kamba kinachobeba watu wengi kwa mpigo mpaka Hidden Peak, futi 11,000, mita 3,350 hivi, na ukitoka mlangoni juu hakuna njia rahisi ya maana, kila upande mteremko. Theluji ya jana na ya usiku imekaa juu ya ngumu ya zamani, mara laini mara unagonga, asubuhi nzima sikupata raha kamili mpaka walipofungua Mineral Basin upande wa nyuma. Hapo sasa! Bonde pana, jua limetoka, kona kubwa kubwa, unaachia bodi iende.

Mwanzilishi mwenza wa hii Snowbird, iliyofunguliwa 1971, ni Dick Bass, ndo mtu wa kwanza kumaliza vilele vya juu kabisa vya mabara yote saba, alimalizia Everest 1985 akiwa na miaka 55. Maana yake Kibo alipanda. Nilimwambia mjomba kwenye simu, akasema basi kuna mgumu alimbebea begi, jina lake liko wapi. Sikuwa na jibu.

Haya sasa nikuonyeshe kinachoniudhi. Kule Mineral Basin kuna geti, ng'ambo ya geti ni Alta, mlima uleule, theluji ileile, wenye ski wenye tiketi ya pande zote wanapita, mimi mwenye bodi siruhusiwi. Marekani nzima risoti zinazokataa bodi zimebaki tatu, Mad River Glen kule Vermont, na mbili ziko hapahapa Utah, Alta na Deer Valley. Utah! Ambako mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dimitrije Milovich alikuwa anatengeneza na kujaribu bodi zake kwenye milima hii hii ya Wasatch, zile zenye mkia uliogawanyika kama wa mbayuwayu, akaziita Winterstick, kabla Jake Burton Carpenter, yule wa bodi za Burton, hajafungua karakana yake Vermont 1977. Baadhi ya bodi za mwanzo zimechorwa mlangoni kwao afu wanafunga mlango.

Watu walikwenda mahakamani, 2014, hoja yao kwamba sehemu kubwa ya Alta ni ardhi ya umma inayosimamiwa na idara ya misitu ya serikali, kwa hiyo kubagua kundi moja si halali. Wakashindwa, wakakata rufaa wakashindwa tena 2016, mahakama ikasema uamuzi ni wa kampuni binafsi sio wa serikali. Hoja moja ya Alta ilikuwa kwamba mtu wa bodi anasimama ubavu, mgongo upande mmoja, kwa hiyo kuna upande haoni. Hapo nikiri wana kaukweli, nikiegemea kisigino kweli kushoto kwangu sioni vizuri mpaka nigeuze shingo. Lakini milima mingine yote tunachanganyika na hatuuani, sasa hiyo sababu inafanya kazi Alta peke yake? Nilisimama pale getini nikala andazi langu lililoganda, nikashuka zangu.

Jumamosi, Park City

Wikendi sipandi, watu ni wengi kupita kiasi. Nikaenda na familia kutembea Park City tu. Tiketi ya dirishani ya siku za pilika pale imewahi kuvuka dola 300 kwa mtu mmoja kwa siku moja, nikimwambia mke wangu hilo ananiangalia kama mi ndo nimeipanga bei.

Watoto niliwaonyesha kwa mbali upande ambako 2002 kwenye Olimpiki waliteleza kwenye hafupaipu, ule mfereji mkubwa wa theluji, Wamarekani wakachukua medali zote tatu za wanaume, Ross Powers, Danny Kass na JJ Thomas, na kwa wanawake Kelly Clark akapata dhahabu akiwa kijana mdogo wa miaka 18. Michezo inarudi Utah 2034. Mwanangu wa kwanza kauliza atakuwa na miaka mingapi, tukapiga hesabu, kanyamaza anawaza mambo. Sijamwambia kitu.

Jumapili

Magoti. Kanisani, ugali, kulala.

Jumatatu, Powder Mountain

Kaskazini, unapita Ogden unaingia Eden, afu barabara inapanda mlima kwa hasira, kagari kangu kalikuwa kananuka klachi. Mlima huu ni mkubwa ajabu, zaidi ya ekari 8,000, na kwa miaka mingi umependwa kwa sababu walikuwa hawauzi tiketi nyingi, kwa hiyo siku tatu baada ya dhoruba bado unakuta vipande havijaguswa. Nimevikuta. Upande wa kivuli kwenye miti ya aspen theluji ilikuwa bado unga mtupu, mistari yangu peke yangu, dada nesi yuko kazini kwa hiyo nilikaa karibu na njia, sikuingia ndani kabisa.

Lakini hata huku geti limeshafika. Tangu Reed Hastings, yule mwanzilishi mwenza wa Netflix, achukue usukani 2023, baadhi ya lifti zimegeuzwa kuwa za wenye nyumba za mlimani peke yao. Wanasema bila hivyo mlima ungefilisika, na kweli ulikuwa na madeni, siwezi kubisha hesabu za mtu. Ila unakaa kwenye kiti cha lifti yako ya umma unaangalia lifti ya jirani viti vinapita vitupu, kimoja baada ya kingine, theluji chini yake haijaguswa, roho inauma bana. Alta inaangalia umesimama juu ya nini, hapa wanaangalia una nyumba au huna. Kati ya hizo mbili ya Alta ina nafuu, angalau naweza kwenda kujifunza ski.

Jumanne usiku, Brighton tena

Hii ndo niliyoisubiri wiki nzima, kuliko hata ile Alhamisi. Brighton wanawasha taa usiku, tiketi ya usiku ni rahisi kuliko ya mchana, kwa hiyo wanaokuja ni watu waliotoka kazini, mafundi bomba, wanafunzi, vijana wamevaa hudi tu wanaruka vyuma mpaka saa tatu. Muziki unatoka kwenye spika ya mtu mfukoni. Kama unataka kujua snoubodi inaishi wapi usiende kwenye brosha, njoo hapa usiku wa katikati ya wiki.

Nimemleta jirani yangu, mzee wa Bukavu, ana miaka hamsini na kidogo, amekaa Salt Lake miaka mingi tu na mlimani hajawahi kufika. Alikuja na kofia ya sufi na koti la kazini lenye mistari ya kung'aa gizani. Kwenye maegesho akaangalia juu akasema, "Miye niko na bibi na batoto, siendi kule," bibi kwao ni mke. Nikamwambia muzee hatuendi kule, tunaenda pale kwenye kilima kidogo ambapo watoto wa miaka mitano wapo. Akasema hao watoto hawana deni la nyumba.

Kwanza nikamsukuma kidogo kwa nyuma bila kumwambia, nione anatanguliza mguu gani. Kulia. Basi mguu wa kulia mbele. Afu kuanguka, hilo ndo somo la kwanza kabla ya kusimama, kunja ngumi, anguka na mkono wote mpaka kiwiko, usitangulize kiganja maana kifundo cha mkono ndo kinachovunjika kwa wanaoanza, na ukienda nyuma kaa matako, kidevu kifuani. Kaanguka mara nyingi sana kwa makusudi, watoto wakawa wanamwangalia.

Halafu kisigino. Unakaa umeangalia chini ya mlima, bodi imekata njia, unasimama umeegemea visigino, unashuka taratibu kama unafuta ubao wa shule. Ukitaka kwenda kushoto angalia kushoto, kulia angalia kulia. Kitu kimoja tu usifanye, usiache bodi ilale bapa ikiwa imekata njia, makali ya upande wa chini yatanasa na mlima utakupiga chini kabla hujajua. Akalaza bapa. Nilisikia kishindo kutoka mbali, nikakimbia nikakuta kalala chali anaangalia taa anacheka peke yake, "Aah, sasa nimeelewa!" Hakuna anayeelewa hilo kwa kuelezwa, hata mi sikuelewa.

Kwenye lifti tukawa tunapiga stori. Nikamwambia snoubodi imeingia Olimpiki 1998 Nagano, na michezo hiyohiyo ndo Philip Boit wa Kenya aliteleza zile mbio za ski za kilomita 10 akamaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norwe, aliyeshinda, akamsubiri mwishoni amkumbatie. Muzee akauliza, alimaliza? Nikasema alimaliza. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei.

Saa mbili na nusu hivi akageuka. Kona ya kwanza, kutoka kisigino kwenda vidoleni, bila kuanguka, akiwa amepanua mikono kama anapima kitambaa, na mdomo wazi. Aliposimama hakusema kitu Kiswahili wala Kifaransa, akaanza kujisukuma kurudi kwenye foleni ya lifti na mguu mmoja, mi nikamfuata. Tukakaa mpaka taa zinazimwa.

Kwenye gari ameniuliza bodi inauzwaje. Nimemwambia asinunue mpya kabisa, Jumamosi tunaingia D.I. kuchambua. Shida ana kilo 95 na kiatu namba 12 cha Kimarekani, bodi ya kawaida vidole vitatokeza vinakokota theluji kila kona, anahitaji pana, sentimita 160 kwenda juu. Buti ziwe mpya lakini, hapo sitaki ubishi, buti ya mtumba ishalegea kisigino kinanyanyuka na utajifunza vibaya. Kama uko Salt Lake au Ogden na una bodi pana imelala gereji, tuambie, muzee analipa keshi na mkewe anatoa sambusa.